Jenerali na Kapu la Mtama

Novemba 2018, dunia ilipokuwa inakumbuka miaka 100 tangu Vita Kuu ya Kwanza imalizike, niliandika gazetini makala ndefu kuhusu Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Kijerumani aliyepigana na Waingereza katika ardhi yetu tangu 1914 mpaka Ulaya wenyewe walipoweka silaha chini. Kichwa cha habari kilikuwa na neno "asiyeshindwa". Mhariri aliipenda, watu wakaisambaza WhatsApp, na mimi nikajiona mwandishi. Ukiisoma leo utadhani mtangazaji wa mpira ndiye aliyeiandika: jamaa anapiga chenga hapa, anatokea kule, Waingereza wamebaki wameduwaa.

Wiki ile nilikuja nyumbani Kizota nikiwa na gazeti kwapani. Bibi yangu, mzaa mama, haoni tena maandishi madogo, kwa hiyo nikakaa naye barazani nikamsomea mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anapepeta uwele. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Sasa mume wangu," (ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kiume) "huyo bwana na watu wake wote hao, miaka minne, walikuwa wanalima saa ngapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kupepeta.

Imenichukua muda mrefu kuona kwamba lile lilikuwa swali la uhakiki, tena bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya kitabu. Maana makala yangu yote niliitoa kwenye vitabu: wasifu wawili watatu wa Kiingereza, na kumbukumbu za jenerali mwenyewe nilizozipitia juu juu tu. Baadaye nikarudi kuzisoma kumbukumbu zile vizuri, ukurasa kwa ukurasa, kwenye simu, jioni baada ya kazi, nikiwa na swali la bibi kichwani. Nataka kueleza nilichokikuta.

Kwa asiyemfahamu nitamweleza kwa haraka, maana wasifu wake uko kila mahali. Alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, katika ukoo wa kikabaila wenye asili ya Pomerania. Lile "von" katikati ya jina si pambo, ni hati ya ukoo. Baba yake alikuwa jenerali, naye mtoto akapelekwa shule za makadeti mapema kabisa. Baba zetu wa enzi za Ujamaa walilisikia sana neno kabaila kwenye vipindi vya siasa, ila sidhani kama wengi wao waliwahi kupata sura ya kabaila mwenyewe. Basi huyu hapa. Mwaka 1900 alikwenda China na jeshi la mataifa ya kigeni lililotumwa kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akawa msaidizi katika makao ya Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Kule akajeruhiwa jicho la kushoto. Januari 1914 akashuka Dar es Salaam kuchukua uongozi wa Schutztruppe, jeshi la koloni. Melini alisafiri pamoja na Karen Blixen, ambaye baadaye angekuja kuandika kile kitabu maarufu kuhusu shamba lake Kenya. Meli moja, watu wawili, na wote wawili watakuja kutuandika. Wakati mwingine historia ina utani wake.

Vita vilipoanza, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje. Kamanda hakutaka kusikia. Hesabu yake aliieleza waziwazi, na hapo nampa heshima ya ukweli: yeye alijua kwamba vita haviwezi kuamuliwa huku. Alichotaka ni kuwavuta Waingereza, kwa sababu kila askari wao anayemfukuza porini Afrika ni askari aliyepungua kule Ulaya. Yaani nchi nzima iligeuzwa chambo cha kumvutia samaki wa bahari nyingine. Ukishaielewa sentensi hiyo moja, mengine yote yanajieleza: Tanga Novemba 1914 alipowarudisha Waingereza baharini, mizinga ya manowari Königsberg iliyoopolewa Rufiji na kuburutwa nchi kavu kwa nguvu za watu, Jan Smuts kuingia kwa jeshi kubwa 1916, Mahiwa Oktoba 1917, kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi uliofuata, kurudi tena 1918, na mwisho kukabidhi silaha Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Waliobaki naye siku ile walikuwa Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuatana nao.

Nyumbani kwao akapokewa kishujaa, akapita juu ya farasi katika Lango la Brandenburg, Berlin, Machi 1919. Mwaka uliofuata akaunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali, akatolewa jeshini. Akawa mbunge wa chama cha wahafidhina tangu 1928 hadi 1930. Akafa Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Sisi tulikuwa tumeshapata uhuru, na Muungano ulikuwa umebakiza majuma machache. Hata dinosaria wamempa jina lake: kuna mmoja wa Tendaguru, Lindi, ambaye wataalamu wanamwita Dysalotosaurus lettowvorbecki tangu 1919. Mifupa ya kwetu, jina la kwao. Hilo nalo liache.

Turudi kwenye kitabu, maana ndicho kilichotengeneza yote hayo. Kumbukumbu zake za Afrika Mashariki zilitoka 1920, na mwaka huohuo zikapatikana kwa Kiingereza. Mwaka huohuo pia akatoa toleo la vijana, akaliita Heia Safari! Neno letu likapanda jalada la kitabu cha Kijerumani na likageuka wimbo wa skauti na wa wanajeshi.

Nilitarajia majigambo, sikuyakuta. Hapo lazima niwe mkweli: jamaa anajua kuandika. Sentensi zake ni fupi na kavu, hana machozi, hana sifa za kujipaka. Anakubali makosa yake ya kivita bila kujitetea sana. Ana uchekeshaji mkavu wa afisa aliyezoea shida. Msomaji unamwamini, na ndiyo hatari yenyewe. Mtu anayejisifu unamwekea mashaka kuanzia ukurasa wa kwanza, lakini mtu anayekueleza kwa utulivu jinsi alivyokata viatu vyake mwenyewe kutoka kwenye ngozi, huyo unamfuata mpaka Mbala.

Na kwa kweli kitabu hiki, ukikiangalia vizuri, ni kitabu cha chakula. Sikuwa nimeliona hilo mara ya kwanza, nilikuwa natafuta risasi. Mara ya pili nikaanza kuweka alama kila panapotajwa kula, na simu ikajaa alama. Unga. Mtama. Mahindi. Mafuta ya kiboko na ya tembo, yalivyoyeyushwa, yalivyogawanywa. Chumvi na namna ya kuipata. Mkate usio na ngano. Magome ya mkwinini yaliyochemshwa wakapata dawa chungu ya malaria ambayo wenzake waliibatiza jina lake, wakaiita pombe ya Lettow. Kuna kurasa, hasa zile za Rufiji mwanzoni mwa 1917, ambapo adui anakaribia kusahaulika na vita vyote vinakuwa hesabu ya vibaba: wangapi wanakula, unga umebaki wa siku ngapi, nani arudishwe kwao ili midomo ipungue. Zimeandikwa vizuri sana. Mama yeyote aliyewahi kukadiria unga wa mwisho wa debe atazielewa.

Lakini sasa angalia vitenzi. Chakula kinapatikana. Chakula kinakusanywa. Chakula kinaletwa. Eneo fulani linaonekana kuwa na neema, eneo lingine halina. Jeshi linafika mahali, mtama upo, jeshi linakula, jeshi linaondoka. Mara chache wenyeji wanajitokeza, na wakijitokeza huwa ni watu wa kuleta kitu au kuonyesha njia. Aliyelima ule mtama, aliyeupalilia, aliyewafukuza ndege kwa makelele asubuhi hadi jioni, aliyeupura, aliyeutia kwenye kihenge ili umfikishe mvua nyingine, huyo hayumo. Chakula katika kitabu hiki hakina mwenyewe. Kimeota kama majani.

Utaniambia, bwana, huyu ni mwanajeshi, unategemea aandike riwaya ya mkulima? Ni hoja. Wanajeshi wote huandika hivyo. Ningeikubali kama asingekuwepo Ludwig Deppe. Huyu alikuwa daktari katika jeshi hilohilo, katembea njia ileile, kala unga uleule, na kitabu chake kilitoka 1919, mwaka mmoja kabla ya kile cha bosi wake. Deppe anakiri bila kuzunguka kwamba nyuma yao walikuwa wanaacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa inayokuja, na kwamba katika hali ile wasingeweza tena kujiita waleta ustaarabu. Kwa hiyo ilionekana. Mjerumani aliyekuwepo aliweza kuiona na kuiandika. Kumbe ukimya wa jenerali hauwezi kuelezwa kwa kusema eti ni mtu wa zama zake. Deppe pia alikuwa wa zama hizo.

Sasa nije kwetu. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer liliingia Kondoa. Lettow-Vorbeck akahamisha nguvu yake kutoka upande wa Kilimanjaro, akaipitisha kwenye Reli ya Kati, akapanda kuelekea Kondoa, akashambulia usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei. Hakufanikiwa. Majeshi yakakaa yakitazamana majuma kadhaa, kisha akarudi nyuma, na mwishoni mwa Julai van Deventer akaichukua Dodoma. Katika kitabu majuma hayo ni ya mizinga, doria na sura ya ardhi. Nilisoma nikitafuta Ugogo, nikakuta stesheni na barabara.

Hebu fikiria hesabu yake, wewe unayeijua nchi hii. Hapa ni nusu jangwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, nayo hugoma itakapo. Akiba ya Mgogo ilikuwa kihenge na ng'ombe: mwaka mbaya ukija unauza au unabadilisha mfugo kwa nafaka kwa majirani. Mwaka 1916 yakapita majeshi mawili, moja likirudi nyuma, jingine likilifuata, kila moja na maelfu ya askari na wapagazi, na Waafrika Kusini na farasi wao juu. La kwanza likachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. La pili likachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikagoma. Aliyekuwa na nguvu ya kulima yuko safarini na mzigo kichwani, ng'ombe wa kubadilisha hayupo, kihenge kimefagiliwa.

Njaa ile Wagogo waliipa jina: Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandikia utafiti mwaka 1990, anaifasiri kama kinyang'anyiro, na kipindi chake anakiweka kati ya 1917 na 1920. Makadirio yanayorudiwa ni kwamba walikufa watu kama 30,000, yaani mtu mmoja kati ya kila watano wa Ugogo. Mwaka ilipoanza, 1917, ndio aliozaliwa Mathias Mnyampala, yule bingwa wa ngonjera na mwandishi wa Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Kila nikikumbuka hilo naona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi tusiwe na ngonjera kabisa.

Si haki kumtwika mtu mmoja njaa nzima. Waingereza walichukua kama Wajerumani, tena wao ndio walioitawala Dodoma wakati watu wanakufa. Mvua haikuwa ya Lettow-Vorbeck. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho lakini hakikwepeki: ile mbinu ya kutoshindwa iliendeshwa kwa akiba ya watu wengine, na kitabu kilichoisifu mbinu kiliifuta akiba.

Mama yake bibi yangu alikuwa msichana wa miaka kama kumi wakati wa Mtunya. Baba yake alimchukua wakatembea upande wa Mpwapwa, kwa watu waliokuwa bado na nafaka, akamwacha huko akarudi na kapu la mtama. Haikuwa ajabu, wengi waliweka watoto rehani hivyo. Alirudi kumkomboa baada ya misimu mitatu akiwa na mbuzi wawili, akakuta binti ameshapewa jina jingine na hataki kuitika lile la zamani. Bibi huisimulia bila kulia wala kupandisha sauti. Anachokikazania ni ukubwa wa kapu. Anaonyesha kwa mikono: hivi, si zaidi. Mimi nimekulia katika nyumba hii, nimesoma shule mpaka chuo kikuu, nimeandika makala ya maneno mengi juu ya vita hivyo, na sikuwahi kuunganisha kapu lile na jenerali yule. Yalikuwa kwenye kabati mbili tofauti. Moja lilikuwa historia, jingine lilikuwa hadithi za bibi.

Kuna neno moja linalonikera zaidi ya "asiyeshindwa", nalo ni "muungwana". Waandishi wa Kiingereza hawachoki nalo. Edwin Hoyt, Robert Gaudi aliyemwita Kaisari wa Afrika kwenye jalada lake la 2017, na wengine kabla yao, wote wanatuonyesha afisa muungwana: anawaheshimu maadui, hasemi uongo, anajua kushindwa na kushinda. Ushahidi wao ni wa kweli. Smuts alipopata habari kwamba adui wake ametunukiwa Pour le Mérite, nishani kubwa ya Prussia, alimwandikia kumjulisha, na mwenzake anaitaja barua hiyo kwa furaha. Mwaka 1929 wakaketi meza moja London. Mambo mazuri kabisa, kati ya watu wa tabaka moja.

Ila Kiswahili kina kumbukumbu ndefu kuliko Kiingereza juu ya neno hili. Muungwana kwetu hakuanza kuwa mtu mwenye adabu. Alianza kuwa mtu huru, asiye mtumwa. Na katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyopita hapahapa Ugogo, waliojiita waungwana walikuwa wapagazi kutoka pwani na Unguja: watu wa kubeba mizigo kwa mshahara, wanaokubaliana bei kabla ya kuondoka na wanaoweza kutua mzigo wakidhulumiwa. Neno lilikuwa la mpagazi! Mpaka 1916 mpagazi anakamatwa shambani kwake, anafungwa kamba au anatishwa, anabeba mpaka anaanguka, na hana daftari linalomtaja. Upande wa Waingereza walikufa wapagazi wanaokadiriwa kukaribia laki moja, na kutoka kwao tumebaki na jina la soko, Kariakoo. Upande wa Wajerumani hakuna hata aliyewahesabu. Naye jenerali aliyewatumia ndiye akaondoka na neno lao.

Kuna neno jingine la njia ileile, hongo. Leo ni rushwa, tunaliogopa. Zamani lilikuwa ushuru: msafara ukiingia Ugogo, mkubwa wake anampa mtemi nguo na shanga ndipo apate ruhusa ya kunywa maji na kununua nafaka. Richard Burton alilipa. Stanley alilipa 1871, na alilalamika sana kwenye kitabu chake, tena kwa lugha chafu. Zamani nilisoma malalamiko yale nikiwaonea aibu babu zangu. Siku hizi nayasoma kwa raha. Stanley hakutupenda, lakini katika kurasa zake Mgogo yupo, ana ghala lake, ana kisima chake, anataja bei na haishushi. Ukitoka kwa Stanley ukaingia kwa Lettow-Vorbeck, miaka 45 tu baadaye, mwenye kisima ameondolewa kwenye sentensi.

Nimewasikia wenzangu wakisema riwaya imeshatusaidia hapo. Imesaidia, kiasi. William Boyd mwaka 1982 aliifanya vita hii kichekesho cha Wazungu, na alifanya vizuri, ila ni kichekesho chao. Abdulrazak Gurnah katika Afterlives ya 2020 ndiye aliyepiga penyewe. Afisa wake hana jina. Anamfundisha Hamza Kijerumani ili siku moja amsome Schiller, na ule upole wake unatisha kuliko viboko. Hapo Gurnah ameuonyesha uungwana wa kikabaila kwa ndani, jinsi unavyoweza kumpenda mtu mmoja na kutowaona elfu. Michelle Moyd, kwenye utafiti wake wa 2014 kuhusu askari wa Schutztruppe, anasaidia upande mwingine: askari hawakuwa mbwa waaminifu kama jenerali alivyopenda kuamini. Walikuwa na hesabu zao, wake, mifugo, cheo cha kuwa mtu mzito nyumbani. Lakini wote hao, Gurnah na Moyd, wanatembea na jeshi. Bado sijasoma kitabu kinachobaki kijijini jeshi likishaondoka. Kama kipo na nimepitwa, nitumieni.

Mwaka 1953, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, Lettow-Vorbeck alirudi Dar es Salaam, na askari wake wa zamani wakajitokeza kumlaki. Waandishi wa wasifu wake huipenda sana picha hiyo. Mimi pia niliitumia 2018, niliifanya ndiyo aya ya mwisho ya makala yangu, wazee wanalia, jenerali analia. Sina sababu ya kuikanusha. Waliokula pamoja njaa na nyama ya kiboko miaka minne wana haki ya kulia wakikutana. Ninachojiuliza ni kwa nini niliona hapo ndipo hadithi inapoishia, wakati mwaka huohuo mama yake bibi yangu alikuwa hai, yuko kwenye tembe lake, anaitika jina alilopewa Mpwapwa.

Juzi nilikaa tena barazani na bibi. Kutoka pale yanaonekana mapaa ya maghala ya hifadhi ya chakula ya Kizota, na malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni kusubiri mizani. Nikamwambia nimekuja na jibu la swali lake la zamani. Nikamtafsiria taratibu, kutoka kwenye simu, pale jenerali anapoeleza mkate wao usio na ngano. Alisikiliza. Akasema huo si mkate, ni ugali uliokosa maji. Kisha akaniambia niamke niingize ndoo ya uwele ndani, upepo umegeuka.